Faini za benki Marekani: zizime kabla hazijakufikia

Faini nyingi za benki hapa Marekani hufuata tarehe na mipangilio, si kiasi cha pesa ulichonacho. Mwenye dola 5,000 akisahau siku ya kulipa kadi, anatozwa kama mwenye dola 50. Na mwenye dola 50 aliyepanga mambo yake vizuri hatozwi hata senti.

Kwa hiyo shika simu, fungua app ya benki yako, tupitie faini hizi moja moja. Viwango hutofautiana kati ya benki na benki. Vya kwako viko kwenye waraka unaoitwa Schedule of Fees au Fee Schedule. Utafute kwenye tovuti ya benki, uuhifadhi.

Ovadrafti: anza hapa

Akaunti ina dola 4. Unanunua kitu cha dola 6. Benki inakujazia dola 2, kisha inaweza kukutoza ada ambayo kwenye benki kadhaa hufika dola 35. Nyingine zimelegeza: mwaka 2022 Bank of America ilishusha yake kutoka dola 35 hadi 10, na mwaka huohuo Citi na Capital One zikaiondoa kabisa. Kwanza ujue yako iko kundi gani.

Zima ovadrafti ya kadi ya debiti. Tangu 2010, sheria hairuhusu benki kukutoza ada ya ovadrafti kwa manunuzi ya kawaida ya kadi ya debiti au kutoa pesa ATM, isipokuwa wewe mwenyewe umekubali. Tatizo ni kwamba wengi walikubali bila kujua, siku ya kufungua akaunti, kwenye lundo la fomu. Ingia kwenye settings, tafuta "debit card overdraft coverage", uizime. Kuanzia hapo, pesa isipotosha kadi itakataa tu, na hutozwi kitu. Aibu ya sekunde mbili mbele ya mhudumu wa duka ni nafuu kuliko dola 35.

Sogeza tarehe za bili. Kuzima huko hakugusi hundi wala bili zinazojichota zenyewe kwenye akaunti. Hizi ndizo zinazouma. Tuseme mshahara unaingia Ijumaa. Alhamisi una dola 120. Siku hiyohiyo bima ya gari inachota 96, unabaki na 24. Kampuni ya simu nayo inachota 45, unashuka chini ya sifuri kwa dola 21. Benki inaongeza ada ya 35. Sasa unadaiwa 56, na mshahara ulikuwa njiani kesho yake.

Hapo hukukosa pesa, ulikosea siku. Pigia kampuni ya bima, ya simu na ya umeme, uombe tarehe ya malipo isogezwe hadi siku mbili tatu baada ya mshahara. Nyingi hukubali, na baadhi unabadilisha mwenyewe kwenye app.

Usiamini salio la kwanza unaloliona. Hundi uliyoandikia mwenye nyumba inaweza kukaa wiki nzima kabla hajaipeleka benki. Bili ya mgahawani inaweza kuonekana leo bila bakshishi, kesho ikaongezeka. Kwenye pampu ya mafuta, mashine inaweza kuzuia dola 100 au zaidi hata kama umejaza za 30, na pesa hiyo ikakaa imezuiwa kwa muda. Ukiwa na salio dogo, ingia ndani ya kituo, taja kiasi unachotaka, ulipe hapo.

Washa tahadhari. Weka ujumbe wa simu kila salio likishuka chini ya dola 100, na mwingine kila pesa inapotoka. Mali bila daftari huisha bila habari, na hizo meseji ndizo daftari lako.

Unganisha akaunti ya akiba. Benki nyingi zinaweza kuvuta pesa kutoka kwenye akiba yako kuziba pengo, mara nyingi bila ada. Uliza kwanza kama ni bure kwako. Hata dola 100 zikikaa huko bila kuguswa zinatosha kukukinga.

Umeshashuka chini ya sifuri? Weka pesa leo. Benki kadhaa hukuachia hadi mwisho wa siku inayofuata ya kazi kurudisha akaunti juu kabla ada haijakatwa. Usingoje wiki iishe.

Tenganisha bili na matumizi. Fungua akaunti mbili. Ya kwanza ni ya kodi ya nyumba, umeme, bima na simu. Kadi yake iache nyumbani. Ya pili ni ya sokoni, mafuta na michango. Ukipigiwa simu usiku kwamba kuna msiba na watu wanachanga, utatoa kwenye akaunti ya pili, na kodi ya nyumba itabaki salama.

Ada za kimya za kila mwezi

Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki ni cha benki. Akaunti nyingi za kawaida zina ada ya mwezi, mara nyingi kama dola 12 au zaidi. Ada ya dola 12 ni dola 144 kwa mwaka, tiketi ya basi ya kwenda na kurudi kumwona dada yako jimbo jingine.

Jua sharti linaloiondoa. Mara nyingi ni moja kati ya mawili: mshahara wako uingie moja kwa moja kwenye akaunti, au salio lisishuke chini ya kiwango fulani. Soma vizuri hilo la pili. Likiwa ni salio la kila siku, kushuka siku moja tu kunaharibu mwezi mzima.

Ukibadili kazi, kagua akaunti. Ukiacha kazi, mshahara unaacha kuingia, na ada iliyokuwa imesamehewa inaanza kukatwa bila kelele. Siku unapojaza fomu za kazi mpya, jaza na ile ya direct deposit.

Hutimizi sharti? Hama. Tafuta akaunti yenye alama ya Bank On. Akaunti hizi hazina ada ya ovadrafti, na ada yake ya mwezi ni ndogo, mara nyingi haizidi dola 5. Au jaribu credit union, ambayo ni binamu wa SACCO ya nyumbani: wanachama ndio wenyewe, na ada zake mara nyingi ni nafuu. Kabla ya kufunga akaunti ya zamani, hamisha bili zote. Kama ina miezi michache tu, uliza pia kama kuna ada ya kuifunga mapema.

Tumia ATM ya benki yako. Kwenye ATM ya wengine unaweza kukatwa mara mbili: na mwenye mashine, na benki yako. App ina ramani ya mashine za bure. Njia nyingine ni kuomba cash back, yaani upewe noti hapohapo, unapolipa kwa kadi ya debiti kwenye supamaketi. Maduka mengi hayatozi.

Kataa karatasi. Baadhi ya benki hutoza kwa kukutumia taarifa ya akaunti kwa posta. Chagua "paperless". Lakini hakikisha barua pepe waliyonayo ni ile unayoifungua.

Usikimbilie kutumia pesa ya hundi usiyoijua. Benki inaweza kukuonyesha pesa leo, kisha hundi ikarudi siku kadhaa baadaye. Pesa yote inaondolewa kwako, na ada inaweza kufuata. Mtu usiyemjua akikutumia hundi na kukuomba umrudishie sehemu ya pesa, huyo ni tapeli.

Kadi ya mkopo: lipa kwa wakati

Kawia ufike ni ushauri mzuri barabarani. Kwenye kadi ya mkopo haufai.

Elewa namba tatu kwenye bili. Statement Balance ni deni la mzunguko uliofungwa. Current Balance ni hilo pamoja na ulichonunua baada ya hapo. Minimum Payment Due ni kiwango cha chini kabisa cha kukuepusha na faini. Lengo lako ni Statement Balance, yote, kabla ya Due Date. Ukifanya hivyo kila mwezi hulipi faini wala riba ya manunuzi. Ukilipa kiwango cha chini tu, unakwepa faini lakini riba inaendelea.

Washa autopay (malipo ya kiotomatiki) leo. Kama una uhakika na pesa yako, iweke ilipe Statement Balance. Kama huna uhakika, iweke ilipe kiwango cha chini, kisha wewe uongeze kwa mkono kila ukipata. Hata mwezi ukiwa mbaya, faini haitakufikia.

Chagua siku yako ya kulipa. Benki nyingi zinakuruhusu kubadili Due Date kwenye app. Iweke siku chache baada ya mshahara. Sheria ya mwaka 2009 inayoitwa CARD Act inataka siku hiyo iwe ileile kila mwezi, na bili itumwe angalau siku 21 kabla. Unao muda wa kutosha kujipanga.

Usingoje saa za mwisho. Sheria inairuhusu benki kufunga hesabu saa kumi na moja jioni ya siku ya mwisho, kwa saa za mahali inapopokelea malipo. Kama unaishi California na benki yako inapokea malipo Delaware, saa kumi na moja ya huko ni saa nane mchana kwako. Benki nyingi huacha hadi usiku, lakini usiijaribu bahati yako. Lipa siku mbili kabla.

Ujue bei ya kuchelewa. Mara ya kwanza faini huwa kama dola 30. Ukirudia ndani ya mizunguko sita ya bili, hupanda hadi kama 40. Haiwezi kuzidi kiwango cha chini ulichotakiwa kulipa: kama ulidaiwa dola 25, faini haipiti 25. Mwaka 2024 taasisi ya serikali ya kulinda wateja, CFPB, ilitoa kanuni ya kushusha faini hii hadi dola 8, lakini mahakama iliifuta Aprili 2025. Ukikutana na video inayosema faini sasa ni dola 8, ipite.

Umechelewa siku moja? Lipa siku hiyohiyo. Faini utapata, lakini madhara makubwa bado yako mbele. Kwa kawaida ukipitisha siku 30, habari hupelekwa kwa kampuni zinazotunza rekodi za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion, na doa hilo linaweza kukaa miaka saba. Utaliona ukitafuta nyumba ya kupanga au mkopo wa gari. Ukipitisha siku 60, benki inaweza kupandisha riba ya deni lako lote. Ikishapanda, lipa kwa wakati mara sita mfululizo. Sheria inaitaka irudishe riba ya zamani kwa deni hilo.

Hakikisha akaunti inayolipa ina pesa. Autopay ikikuta akaunti tupu, unaweza kupigwa pande mbili: kampuni ya kadi inatoza malipo yaliyorudishwa, na benki nayo inaweza kutoza ya kwake. Angalia salio siku moja kabla.

Kutuma pesa nyumbani

Hapa ndipo wengi wetu tunaumia bila kujua.

Usitume kwa kadi ya mkopo. Ukilipia Remitly, WorldRemit au Western Union kwa kadi ya mkopo, kadi nyingi huhesabu kwamba umetoa pesa taslimu. Hiyo inaitwa cash advance, na ada yake mara nyingi ni asilimia 5 au dola 10, ile iliyo kubwa. Riba yake huwa juu kuliko ya manunuzi, tena inaanza siku hiyohiyo. Ukimtumia mama dola 300 za ada ya shule ya wadogo zako, unaweza kuongeza 15 papo hapo, na riba juu yake. Tumia kadi ya debiti au akaunti ya benki.

Punguza kutuma kwa pesa taslimu. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026 kuna kodi ya asilimia 1 kwa pesa inayotumwa nje ya Marekani ikiwa umelipia kwa noti, money order au cashier's check. Ukituma kwa akaunti yako ya benki ya hapa au kwa kadi iliyotolewa hapa, kodi hiyo haikugusi. Kwa dola 300 ni dola 3 tu, lakini ukituma kila mwezi zinakuwa 36 kwa mwaka.

Funga mlango wa cash advance. Piga simu kwa kampuni ya kadi, uombe kiwango chako cha cash advance kishushwe hadi sifuri. Baadhi hukubali. Hapo hata ukikosea kadi kwenye app, malipo yatakataliwa.

Ukienda likizo nyumbani

Chagua kadi sahihi. Kadi nyingi hutoza asilimia 3 kwa matumizi ya nje ya nchi. Ukitumia dola 2,000 likizoni, hizo ni dola 60. Kuna kadi zisizo na ada hii. Tafuta maneno "no foreign transaction fee" kabla ya kukata tiketi.

Mashine ikiuliza, chagua shilingi. ATM ya Nairobi au mashine ya hoteli Zanzibar inaweza kukuuliza kama unataka kulipa kwa dola. Ukikubali, wao ndio wanaopanga kiwango cha kubadilisha, na kwa kawaida si kizuri. Chagua sarafu ya nchi uliyopo.

Toa pesa nyingi, mara chache. Benki yako inaweza kutoza kila unapotumia ATM ya nje, bila kujali kiasi. Kutoa mara moja ni nafuu kuliko kutoa mara nne.

Kadi za maduka ya samani

Umehamia nyumba mpya. Duka linakupa makochi ya dola 1,200, "hakuna riba ukimaliza kulipa ndani ya miezi 12". Soma hilo neno "ukimaliza". Zikibaki dola 50 mwisho wa miezi hiyo 12, duka linaweza kukuhesabia riba ya deni lote tangu siku ya kwanza. Na kiwango cha chini kwenye bili mara nyingi hakitoshi kulimaliza kwa wakati.

Gawa kwa 11, siyo 12. Kwa makochi haya ni kama dola 110 kwa mwezi, na mwezi mmoja unabaki wa dharura. Weka autopay kwa kiasi hicho.

Umeshakatwa? Dai

Faini ikikatwa, piga simu mapema, namba iko nyuma ya kadi. Benki nyingi husamehe mara moja moja, hasa kwa mteja ambaye hana mazoea ya kuchelewa. Lakini hawakurudishii bila kuomba.

Ongea kwa upole na kwa ufupi: jina lako, tarehe ya faini, kiasi chake, na muda ambao umekuwa mteja wao. Kisha omba "courtesy refund". Taja kwamba umeshalipa deni na umewasha autopay. Usieleze maisha yako yote. Kama Kiingereza kinakukwaza, uliza kama wana mkalimani wa Kiswahili kwenye simu.

Akikataa, mshukuru, kisha uombe kuongea na msimamizi au upige tena siku nyingine. Mhudumu mwingine anaweza kukubali. Andika tarehe na jina la uliyeongea naye.

Jambo moja usilifanye: kuitelekeza akaunti iliyo chini ya sifuri. Benki inaweza kuifunga na kupeleka jina lako ChexSystems, kampuni inayotunza rekodi za akaunti za benki, ambako rekodi hukaa hadi miaka mitano. Benki nyingine ikikuangalia huko, inaweza kukunyima akaunti. Kama huwezi kulipa yote, piga simu mpange kidogo kidogo.

Kazi ya leo, nusu saa

1. Zima ovadrafti ya kadi ya debiti.
2. Washa ujumbe wa salio likishuka chini ya dola 100.
3. Weka autopay kwenye kila kadi ya mkopo, angalau kwa kiwango cha chini.
4. Sogeza tarehe za kadi na bili zifuate mshahara.
5. Fungua app unayotumia kutuma pesa, ufute kadi ya mkopo, uweke akaunti ya benki.
6. Pitia taarifa za akaunti za miezi mitatu iliyopita, utafute neno "fee". Ukiliona, piga simu udai.

Ukimaliza yako, kaa na mama, mjomba au jirani aliyefika juzi, mpitie ya kwake. Huenda naye alisaini zile fomu bila kuzisoma, na hajui kwamba ovadrafti yake iko wazi.